Tunachoma Udongo Wetu Kila Jioni

Nianze na hoja yenyewe, ili asiyetaka kubishana aliweke jarida chini mapema. Sehemu kubwa ya takataka inayotoka kwenye masoko ya Kakuma ni mbolea ambayo haijaiva. Maganda ya viazi, majani ya nje ya kabeji, nyanya zilizopondeka ndani ya kreti, vijiti vya sombe, maganda ya ndizi, injera iliyolala mpaka ikachacha: vyote hivi vilitoka kwenye udongo juzi tu, na baada ya miezi mitatu hivi vinaweza kuwa udongo tena. Sisi tunafanyaje? Tunavichanganya na mifuko, nepi na betri, tunavimwaga kando ya laga, halafu jioni mtu anawasha kiberiti. Kesho yake tunasimama mbele ya bustani ya gunia tunashangaa kwa nini sukuma wiki imegeuka njano.

Nasema tuache. Na wa kuacha kwanza sio mama mboga, maana yeye anatupa pale alipoonyeshwa. Waanze wale wanaopanga kazi ya taka hapa: mashirika, manispaa, na viongozi wa vijana wanaoitikia ndiyo kwa kila karatasi inayoletwa mbele yao.

Fikirieni safari ya nyanya moja. Mboga nyingi tunazonunua hapa zinatoka upande wa Kitale. Zinashushwa na lori mpaka Lodwar, kisha zinafika kwetu, safari ya karibu kilomita 400. Kila lori linalofika limebeba pia kipande cha shamba la Kitale, kwa sababu naitrojeni, fosforasi na potasiamu vilivyonyonywa na mizizi kule viko ndani ya ile nyanya na lile ganda la ndizi. Lori linarudi bila kuvibeba. Vinabaki hapa Turkana, mahali penye njaa ya udongo kuliko karibu pote nchini. Tumeletewa rutuba mpaka mlangoni, tena nauli tumelipa sisi wenyewe kwenye bei ya nyanya, halafu tunaitia moto.

Na tunafanya haya wakati mgao umepunguzwa. Sina haja ya kueleza. Kila nyumba inajua sahani ilivyokuwa na ilivyo sasa. Kwenye kila semina tunaambiwa jitegemeeni, limeni bustani za jikoni. Tunapewa mbegu, tunapewa gunia, tunapewa mkufunzi wa siku mbili. Udongo wa kujaza lile gunia hatupewi. Mtu anaenda kuchota mchanga wa laga, usioshika maji, unaochemka ikifika saa sita mchana mpaka mizizi inapikika. Maji unayomwaga kwenye mchanga mtupu yanapita moja kwa moja. Mboji inayashika kama sponji na kuyatoa polepole. Kwa watu wanaopanga foleni ya bomba na madumu, hilo peke yake lingetosha kuwa sababu.

Kikundi chetu cha vijana kilishawahi kukaa sokoni na kutenganisha takataka ya vibanda kadhaa kwa mikono, upande huu vinavyooza, upande huu visivyooza. Lundo la vinavyooza lilikuwa kubwa kuliko mengine yote kwa pamoja. Hata miji mingi ya Afrika iko hivyo: zaidi ya nusu ya taka ni vyakula, mboga na majani. Kwa hiyo anayesema tatizo letu la taka ni plastiki amesema nusu tu. Plastiki ndiyo inayoonekana, inaruka na upepo na kunasa kwenye mathenge. Ila kinachonuka, kinachoita nzi, kinachojaza mkokoteni na kuulemea, ni chakula.

Sasa tazama moto. Takataka mbichi haiwaki, inafuka. Inafuka usiku kucha, wakati mwingine siku mbili tatu, kwa sababu kabeji iliyo chini imejaa maji. Moshi ule umebeba plastiki pia, na plastiki ikiungua bila joto kali inatoa sumu zinazoingia kifuani mwa mtoto anayelala hatua ishirini kutoka pale. Tukiamua kutochoma, tukazika yote shimoni, bado hatujapona: mboga zikioza bila hewa zinatoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 20 inapasha joto angahewa zaidi ya mara 80 kuliko kiasi kile kile cha kaboni dioksidi. Halafu watu wanatuletea semina ya mabadiliko ya tabianchi. Sisi wa Turkana, tunaolala nje kwa sababu ya joto!

Sheria nayo ipo. Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, na inataka taka zitenganishwe tangu zinapozalishwa, zinazooza mbali na zisizooza. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, iliweka kazi ya uzoaji na utupaji wa taka mikononi mwa kaunti. Mwaka 2023 Kakuma na Kalobeyei zikapewa hadhi ya manispaa. Maana yake sisi, watu karibu 300,000, ni wakazi wa mji. Kwenye hotuba tunaitwa mji. Ikifika kwenye takataka tunarudi kuwa kambi, tunahudumiwa kwa mradi wa miezi sita.

Nizungumzie siku ya usafi, kwa sababu mimi ndiye ninayeandika majina ya vijana kwenye orodha, na ninaijua kutoka ndani. Inatangazwa wiki nzima. Fulana zinaletwa zikiwa na maandishi mgongoni. Glavu ni jozi moja kwa watu wawili. Tunafagia saa mbili mpaka saa tano, picha zinapigwa, soda inanywewa. Magunia tuliyojaza yanapelekwa shimoni, mboga na plastiki pamoja, na chupa za maji tulizokunywa siku hiyo zinafuata nyuma. Ripoti inaandikwa kwamba vijana wamehamasishwa. Ni kilo ngapi za mboga zimerudi kwenye udongo? Ile fomu haina sehemu ya kujibu swali hilo. Inauliza walikuja wangapi, wanaume wangapi, wanawake wangapi. Kwa fomu kama ile, tunaweza kufagia miaka kumi na kila mwaka ukaitwa wa mafanikio.

Vijana hawahitaji kuhamasishwa. Wanaojua uchungu wa takataka ni wale wanaoizoa kila siku, na hao wanalipwa insentivu, sio mshahara. Mradi ukiisha, mkokoteni unarudishwa stoo na kufungiwa, na mzoaji anarudi kukaa chini ya mti. Shimo la mboji lililokuwa katikati ya kazi linaachwa likauke. Mboji haiangalii kalenda ya mfadhili. Ukiianza mwezi wa mwisho wa mradi, umeianza bure.

Na wenzangu wa bloku, msicheke, mna sehemu yenu. Kijana akionekana na gunia la maganda begani anaitwa chokoraa. Mama mmoja jirani aliniuliza mbele za watu, "Mwanangu, umesoma mpaka kidato cha nne ndiyo uje kubeba takataka?" Nikamwambia, "Mama, ile lengalenga uliyopika jana ilikula nini mpaka ikanenepa?" Alicheka sana. Lakini gunia langu hakulikubali lipite mbele ya mlango wake, ikabidi nizunguke. Watu haohao walikuwa wakulima Kivu, Burundi na Equatoria, wakipeleka maganda migombani bila kufundishwa na yeyote. Nyumbani ilikuwa kilimo. Hapa imekuwa aibu. Nani alitubadilishia?

Wengine watasema: maneno matamu, ila Kakuma haiwezekani. Nitajibu kimoja kimoja.

Wanasema hakuna maji. Nyanya yenyewe ni maji, zaidi ya asilimia 90. Kabeji vilevile. Kinachotushinda hapa ni jua na upepo, kwa hiyo sisi hatutengenezi lundo la juu kama kwenye picha za vitabu, tunatumia shimo. Kina kinafika pajani, upana hatua mbili, chini ya kivuli. Tunaweka ndoo mbili za vitu vikavu kwa ndoo moja ya vibichi. Vikavu ni majani, nyasi kuukuu za paa, katoni zilizochanwa na kutolewa utepe. Vibichi ni zile mboga. Tunarusha mbolea ya mbuzi katikati, kisha tunafunika kwa magunia. Maji tunayoongeza ni yale yaliyoosha mboga na yale yanayomwagika chini ya bomba. Kipimo ni kiganja: ukikamua yatoke matone machache, yasitiririke. Hatutii nyama, mifupa wala mafuta, na majivu kidogo sana, maana udongo wa hapa una chumvi na magadi ya kutosha. Likifanya kazi vizuri, siku chache tu ndani panapanda nyuzi 55 na zaidi, joto linaloua vijidudu vingi na mbegu za magugu. Ukichomeka fimbo na kuichomoa, huwezi kuishika. Tunageuza kila wiki au wiki mbili ili hewa iingie. Ikipoa, ikawa nyeusi, ikanukia kama ardhi baada ya mvua, imeiva.

Wanasema mtaleta nzi na kipindupindu. Nzi wako tayari, nendeni nyuma ya soko la mboga saa saba mchana mkawasalimie. Nzi wanataka kitu kibichi kilicho wazi. Shimo lililofunikwa, lenye vikavu vya kutosha, haliwapi nafasi. Likinuka, ujue limelowa sana au halijageuzwa, na dawa ni kuongeza vikavu na kuligeuza. Tena yuko nzi mwingine, mweusi, mwembamba, anaitwa nzi askari. Huyo haumi, wala hazunguki kwenye sahani za watu kama nzi wa nyumbani. Funza wake wanakula mabaki ya hoteli kwa kasi ya ajabu, na baada ya wiki mbili hivi wamenenepa na ni chakula cha kuku. Wakikaushwa, karibu asilimia 40 ni protini. Nairobi watu wanawafuga kwa biashara. Sisi tunaouziwa omena kwa bei ya dhahabu tunawaogopa.

Wanasema watu hawawezi kutenganisha. Hii ndiyo inanikasirisha zaidi, kwa sababu watu wanatenganisha kila siku. Mwenye hoteli anaweka mabaki ya wali kando kwa mfugaji wa kuku. Mama wa Kiturkana anapita asubuhi kuchukua maganda ya mbuzi wake, na muuza mboga ameshamtengea. Kinachovunja watu moyo ni mkokoteni. Ukimwambia mama atumie ndoo mbili, akakutii, halafu mzoaji akaja na mkokoteni mmoja akamwaga zote mbili ndani yake, wiki ya pili utamwambia nini? Mtu hakatai kutenganisha. Anakataa kufanywa mjinga.

La mwisho halisemwi kwa sauti, ila ndilo lenye nguvu kuliko yote: nyinyi ni wapita njia, ardhi sio yenu, mboji ni kazi ya mtu aliyekaa. Kakuma ilifunguliwa 1992. Kuna watu waliozaliwa hapa ambao leo wana watoto wanaosoma hapahapa. Kila mradi bado unapangwa kana kwamba tunaondoka Ijumaa. Kama mnasubiri tuondoke ndiyo udongo uanze kutengenezwa, mtasubiri sana. Na siku tukiondoka kweli, ni bora tuwaachie majirani ardhi inayoota kuliko uwanja wa majivu na mifuko. Mtu akinipokea kwake, namna ninavyoacha uwanja wake ndiyo shukrani yangu.

Na majirani hao wana kesi na sisi, tusijifanye hatujui. Mbuzi anafuata ganda la ndizi lililofungwa ndani ya mfuko na anameza vyote viwili. Ganda linasagika, mfuko unabaki tumboni. Mbuzi anakonda huku tumbo limejaa, mpaka anakufa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Agosti 2017, lakini myembamba bado inapenya na tunaiona kila siku. Kwa mfugaji, mbuzi mmoja ni karo na ni dawa. Tunapofungia chakula cha mnyama ndani ya sumu ya mnyama na kukiacha njiani, kisha tukaitana kwenye mkutano wa kuishi kwa amani, tunazungumza nini pale? Tukitenganisha, ganda safi litaenda kwa mbuzi kwanza, mabaki ya hoteli kwa kuku, na kisicholika na yeyote kiende shimoni kuwa mboji. Turkana na mkimbizi watakuwa na biashara ya kweli kati yao: yeye ana samadi ya mbuzi, sisi tuna maganda, na mboji inahitaji vyote viwili.

Atakayesema tungoje mji ukue kwanza aende Dandora, Nairobi. Jaa lile lilifunguliwa 1975. Mwaka 2001 likatangazwa limejaa, na miaka mingi baadaye malori bado yalikuwa yanamwaga palepale. Halikujengwa kwa siku moja na hakuna aliyelipanga liwe vile. Lilianza kama letu, shimo la mwisho wa mji, kila kitu ndani, tutaona mbele. Sisi bado tuna nafasi ya kutofika huko.

Kwa hiyo ninadai haya, na ninayaandika ili mtu asiseme hakuyasikia.

Mkokoteni wa pili. Kila soko liwe na mkokoteni wa vinavyooza na wa visivyooza, rangi mbili, saa mbili tofauti. Hili halihitaji mashine kutoka ng'ambo wala mtaalamu wa kulala hotelini Lodwar. Linahitaji fundi wa kuchomelea, na fundi tunao.

Mahali. Karibu na kila soko kubwa litengwe eneo lenye uzio na kivuli, na liwe na karatasi ya manispaa inayosema ni la kazi hii, ili lisije kugeuzwa bohari ya mtu mwaka kesho. Wenyeji wa Kituruk... wa Turkana wakae kwenye kamati kuanzia siku ya kwanza, wasiitwe siku ya kukata utepe.

Malipo kwa kilo. Acheni kulipa vijana kwa kuhudhuria. Lipeni kwa taka iliyotenganishwa na mboji iliyoiva. Kila mradi wa bustani una fungu la pembejeo. Kabla ya kuagiza mbolea ya mfuko kutoka mbali, nunueni ya hapa. Kikundi kikishakuwa na mteja, hakitakufa mradi ukiisha.

Muda. Msitupe miezi sita. Kazi ya udongo inapimwa kwa misimu, na wa kwanza huwa ni wa kujifunza. Mkataba wa miaka miwili kwa kikundi kilichosajiliwa ni bei ndogo kuliko fulana mlizochapisha.

Na kwetu sisi wa bloku, bila kungoja mtu yeyote: usiku wa leo usiwashe. Ndoo ya pili kila mtu anayo, hata kama ni dumu lililokatwa. Weka maganda humo, changanya na majani makavu, funika. Kama huna bustani, jirani yako anayo, au kikundi cha vijana kitapita na gunia. Na huyo kijana akipita mbele ya mlango wako, mwache apite.

Nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, najua wengi wenu mnakubaliana nami, mmeniambia chini ya mti mkiwa hamjavaa koti la kazi. Semeni vilevile ofisini. Na mkija bloku yetu kwa siku ya usafi ijayo, fulana acheni. Tuleteeni mizani, sepetu mbili, na ile fomu ikiwa na sehemu mpya ya kuandika kilo.